Watoto Wetu na Makaburi ya Misri



Likizo fupi za shule zikifika, jamaa zetu wengi hapa mjini hukutana mahali pamoja bila kuagana. Mvua inanyesha, watoto wamechoka kukaa ndani, na British Museum haitozi kiingilio. Basi utawaona akina mama na akina baba kutoka East Ham, Leyton na Wembley wakipanda ngazi kuelekea vyumba vya Misri. Mtoto amepewa kazi na mwalimu wake: aeleze namna wanaakiolojia wanavyofukua makaburi ya kale. Mzazi hana la kuongeza. Anashika makoti na kupiga picha.

Nasi tulikwenda. Tulikuwa na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka sita, pamoja na bibi yao aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Katika chumba cha 64 tulisimama mbele ya kabati la kioo ambamo amelazwa kijana mmoja kwa ubavu, magoti ameyakunja, vyungu vimemzunguka. Aliletwa London kutoka Gebelein, kusini ya Luxor, yapata mwaka 1900. Hakupakwa dawa wala kufungwa sanda za kitani kama wale wa zama za baadaye. Ni mchanga mkavu wa jangwa tu uliomhifadhi. Ngozi yake ipo, na nywele zake zipo.

Bibi alisoma dua kimya kimya. Kisha akamwinamia mjukuu wake mkubwa.

"Mume wangu, huyu hana wenyewe?"

"Bibi, huyu ana miaka zaidi ya elfu tano!"

"Nimesikia. Na maiti huacha kuwa maiti akifikisha miaka mingapi?"

Kijana akatutazama sisi. Sisi tukatazama vyungu.

Swali lile tulirudi nalo nyumbani kwenye basi, na bado tunalo. Tumeona tulitumie kupimia kile wanachofundishwa watoto wetu kuhusu makaburi ya Misri, kwa sababu ni somo wanalolipenda mno, na jambo linalopendwa na mtoto ndilo linaloingia moyoni likakaa.

Somo lenyewe

Kwanza tuwe waadilifu. Mtaala wa historia ulioanza kutumika England mwaka 2014 unawataka watoto wa miaka 7 hadi 11 wasome kwa kina ustaarabu mmoja wa kale kati ya minne: Sumer, Bonde la Indus, Misri, au China ya zama za Shang. Shule nyingi huchagua Misri, na si ajabu. Kuna picha, kuna vitu vya kwenda kuvitazama, na kuna hadithi. Kwa mtoto wetu kusoma habari kubwa ya bara la Afrika akiwa na umri huo ni heri. Wengi katika sisi tulimsoma Vasco da Gama kabla ya kuambiwa lolote kuhusu Kilwa.

Walimu nao wanajitahidi. Tumeona sanduku la mchanga lenye vigae vilivyofichwa, brashi ndogo za rangi, vinyago vya karatasi ya dhahabu, na mwanasesere aliyefungwa karatasi ya chooni akawa maiti. Mtoto aliyechambua mchanga kwa mkono wake hasahau. Hatuna ugomvi na mchanga wala na brashi.

Ugomvi wetu ni na hadithi inayosimuliwa juu ya sanduku lile. Na kwa kuwa gazeti hili ni la watu wapendao hadithi, tuichambue kama tunavyochambua hadithi yoyote: nani yumo, nani hayumo, inaanzia wapi, inakatizwa wapi.

Kisa cha mwaka 1922

Kisa wanachokijua watoto ni hiki. Bwana mmoja wa Kiingereza, Howard Carter, anatafuta kwa miaka mingi katika Bonde la Wafalme. Mfadhili wake, Lord Carnarvon, anakaribia kukata tamaa. Tarehe 4 Novemba 1922 inaonekana ngazi ya kwanza iliyochongwa kwenye mwamba. Tarehe 26 Carter anatoboa tundu kwenye mlango wa ndani, anaingiza mshumaa, Carnarvon anamwuliza kama anaona chochote, naye anajibu kwamba anaona mambo ya ajabu. Dhahabu kila upande! Kengele inalia, watoto wanatoka kucheza.

Sisi tuliolelewa na hekaya tunaijua hadithi hii. Kuna mtu mmoja, kuna mlango wa siri, kuna hazina. Ni Ali Baba. Tofauti ni kwamba Ali Baba aliwaibia wezi.

Kama burudani, haina kosa. Kama somo la namna makaburi yanavyofukuliwa, ina mapungufu matatu, na yote matatu yametokana na pale ilipokatizwa. Inakatizwa kwenye dhahabu, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza.

Pungufu la kwanza ni muda. Baada ya kuziona zile ngazi na mlango wenye mihuri, Carter aliamuru zifukiwe tena, akampelekea Carnarvon simu ya maandishi, akangoja karibu wiki tatu hadi mwenzake afike kutoka Uingereza. Hebu fikiria: umetafuta miaka, umepata, kisha unarudishia kifusi na kungoja. Mtoto wa miaka minane ataielewa subira hiyo kuliko hotuba yoyote.

Halafu chumba cha kwanza peke yake kilichukua kama wiki saba kukiondolea vitu. Kila kitu kilipewa namba, kikapigwa picha na Harry Burton kikiwa pale pale kilipokutwa, kikachorwa na kuandikiwa kadi, ndipo kikainuliwa. Zilikuwamo ndara zilizofumwa kwa shanga, na nyuzi zake zilikuwa zimeoza zote. Ungezigusa, ungebaki na shanga kiganjani. Walizimiminia nta iliyoyeyushwa, wakaiacha igande, wakaziinua zikiwa nzima. Kaburi la jirani, la mfalme Seti wa Pili, lilifanywa karakana ya kutengenezea vitu. Vitu vyote vilivyohesabiwa ni 5,398, na kazi iliisha mwaka 1932. Miaka kumi! Kadi na michoro ile imehifadhiwa hadi leo katika Griffith Institute, Oxford, na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Hapo ndipo penye elimu. Mwizi naye huchimba, tena haraka. Kaburi lile lenyewe liliingiwa na wezi zamani, muda mfupi baada ya mazishi. Kinachomtenga mwanaakiolojia na mwizi ni daftari. Kitu kikishatolewa mahali pake bila kuandikwa, habari yake imekufa, hata kama kingekuwa cha dhahabu tupu. Mtoto asiyefundishwa hivyo amefundishwa kuwinda hazina.

Waliobeba

Pungufu la pili ni watu. Katika picha za darasani utamwona Carter, na labda mkono wa mtu mwingine asiye na jina. Lakini Carter mwenyewe katika kitabu chake aliwashukuru kwa majina wasimamizi wake wa Kimisri: Ahmed Gerigar, Gad Hassan, Hussein Abu Awad na Hussein Ahmed Said. Msimamizi wa wachimbaji huko Misri huitwa *rais*. Ndiyo, neno lile lile tunalomwitia mkuu wa nchi. Mwambie mtoto wako kwamba kila kaburi kubwa lililofukuliwa Misri lilikuwa na marais wake, uone kama hatasikiliza.

Marais hawa hawakuwa vibarua wa kuokotwa njiani. Flinders Petrie, aliyeanza kufanya kazi na wachimbaji wa mji wa Quft katika miaka ya 1890, aliwafunza na kuwategemea, nao wakarithishana ufundi huo baba kwa mwana hata watu wa Quft wakawa wanaitwa kwenye machimbo sehemu mbalimbali za Misri. Mchanga una rangi na ugumu wake. Kujua kwa mkono kwamba hapa udongo umewahi kuchimbwa na pale haujaguswa ni elimu, ingawa haitolewi shahada.

Mwezi wa Mei 1923 vitu vya kwanza vilipaswa kupelekwa mto Nile, safari ya kilomita kama 9. Viliwekwa kwenye matoroli juu ya reli fupi fupi. Reli hazikutosha njia nzima, kwa hiyo zilikuwa zinang'olewa nyuma na kutandikwa mbele, tena na tena, katika joto lile. Watu kama 50 walisukuma kwa saa 15. Kisa hiki kina jasho na hesabu na ujanja, yaani vyote anavyovipenda mtoto, lakini darasani hakisikiki.

Husikika badala yake kisa cha laana. Carnarvon alikufa Aprili 1923, baada ya kuumwa na mbu na jeraha kuingia uchafu, magazeti yakasema Firauni amelipiza. Sisi tuliokua na mbu hatukuhitaji laana ili tuelewe. Lakini laana hiyo nayo ina chanzo chake katika karatasi. Carnarvon alikuwa ameuza habari za kaburi kwa gazeti moja la London, The Times, kwa pauni 5,000. Magazeti mengine yakabaki na njaa ya habari, na mwenye njaa ya habari huokota uvumi. Waandishi wa Misri wenyewe walijikuta wanasubiri London iwaambie kilichopatikana Luxor, katika mwaka uliofuata ule ambao Uingereza ilitangaza kwamba nchi yao ni huru. Mwaka 1924 ugomvi ulifika hadi kaburi kufungwa na kazi kusimama. Mwisho wake, hazina yote ilibaki Misri. Ndiyo sababu mtoto wako akiitafuta dhahabu ya Tutankhamun pale British Museum hataiona. Iko Giza, katika Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lililofunguliwa rasmi Novemba 2025.

Aliyelala ndani

Pungufu la tatu ndilo la bibi. Katika hadithi ya darasani kaburi lina dhahabu, lina vyungu, lina kinyago, lina kila kitu isipokuwa marehemu.

Tutankhamun alitawazwa akiwa na miaka kama tisa, umri wa wanafunzi wenyewe, akafa akiwa na kama kumi na tisa. Novemba 1925 Dk. Douglas Derry na Dk. Saleh Bey Hamdi walianza kuichunguza maiti yake. Mafuta yaliyomiminwa siku ya mazishi yalikuwa yameganda kama lami, yameushika mwili kwenye jeneza na kichwa kwenye kinyago. Ili kumtoa, walimkata vipande, na kichwa wakakibandua kwenye kinyago kwa visu vilivyopashwa moto. Kinyago ni kile kile wanachokipaka rangi watoto kila mwaka.

Hatusemi mtoto mdogo aelezwe habari za visu. Tunasema aambiwe kwamba ndani ya kile kinyago mlikuwa na uso. Hilo tu lingebadilisha somo.

London ina historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1830 daktari Thomas Pettigrew alikuwa akizifungua sanda za maiti za Misri mbele ya watazamaji, na watu walijazana kama kwenye tamthilia. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hizo kama dawa ya kunywa. Sasa kumbukeni neno *mumiani*. Wazee wetu walitutisha nalo: usitembee jioni, mumiani watakunyonya damu wakatengenezee dawa. Wasomi waliwacheka wazee kwa imani hiyo. Lakini neno hilo na neno la Kiingereza la maiti iliyokaushwa vina asili moja, neno la Kiajemi la kitu cheusi kama lami kilichotumiwa kuwa dawa. Kwamba watu fulani husaga wafu wa Afrika kuwa dawa haukuwa uzushi mtupu. Jambo hilo lilifanyika, na duka lilikuwa huku.

Firauni wawili

Mtoto wetu ana mzigo mwingine asiokuwa nao mwenzake wa Kiingereza. Jumamosi chuoni, au Jumapili kanisani, anamsikia Firauni aliyewatesa watu wa Musa. Kwa Kiswahili chetu *firauni* ni tusi, na *ufirauni* ni uovu usiotajika mezani. Jumatatu shuleni Firauni ni mfalme mzuri mwenye wanja. Tumesikia wazazi wakiwaambia watoto kwamba wale wa makumbusho ni makafiri waliolaaniwa, basi na wakae humo humo kwenye vioo. Tumesikia wengine wakisema hayo ya chuoni ni hadithi tu. Majibu yote mawili ni ya mzazi anayetaka kumaliza mazungumzo.

Sisi tunaona mtoto anaweza kubeba yote mawili akisaidiwa. Wafalme wa Misri walikuwa wengi, katika muda wa miaka kama elfu tatu. Wengine walikuwa madhalimu na wengine walikuwa watoto. Na kijana wa Gebelein hakuwa firauni wala mfalme. Alikufa kabla ya wafalme hao kuwapo. Mwaka 2012 picha za ndani ya mwili, kwa mashine kama zile za hospitali, zilionyesha kwamba alikuwa na miaka kati ya 18 na 21, na kwamba alichomwa kisu mgongoni, karibu na bega la kushoto. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba michoro miwili iliyofifia mkononi mwake ni chale za fahali na kondoo wa mwitu. Kwa miaka mingi alijulikana kwa jina la utani lililotokana na rangi ya nywele zake, jina ambalo makumbusho yameliacha.

Hapa sharti tukiri. Asingefukuliwa, tusingejua kwamba aliuawa kwa kuviziwa. Hakuna aliyemlilia kwa muda wa miaka elfu tano, na sasa mwanamke wa Tanga amemwombea dua. Elimu ilimrudishia sehemu ya kisa chake. Anayesema makaburi yasiguswe kabisa ajue anachokikataa. Mwashi na mwanaakiolojia wote hushika mwiko, na Kiswahili kinajua kwamba mwiko ni chombo na mwiko ni katazo. Mtoto afundishwe yote mawili: namna ya kukishika chombo, na mahali pa kusita.

Mtwapa

Je, kuna njia ya kufukua ambayo bibi angeikubali? Ipo, na iko kwetu.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya mwambao kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Magazeti yalishughulikia zaidi matokeo: kwamba wengi wa wazee hao walitokana na mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Wapo waliofurahi na wapo waliokasirika, na mabishano hayo tunayaachia siku nyingine.

Tunalolitaka sisi ni namna kazi ilivyofanywa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba mwambao kwa miaka mingi, alizungumza na wenyeji kwanza. Wafu walikuwa Waislamu waliozikwa Kiislamu, na wazao wa mji wapo. Mifupa ilifukuliwa, sehemu ndogo zikachukuliwa kwa uchunguzi, na marehemu wakazikwa tena ndani ya msimu ule ule. Hakuna kabati la kioo. Bibi aliuliza kama marehemu hana wenyewe. Mtwapa wenyewe walikuwapo, wakaulizwa, na masharti yao yakafuatwa.

Tunaijua tofauti. Hakuna aliye hai anayeweza kusema yeye ni mjukuu wa yule kijana wa Gebelein. Lakini adabu ya kuuliza haidai cheti cha ukoo. Wamisri wa leo wapo, na wanachimba wenyewe. Anayetaka kumwonyesha mtoto mkubwa kidogo jambo hilo atafute filamu ya mwaka 2020 iitwayo *Secrets of the Saqqara Tomb*. Kaburi ni la Wahtye, kuhani wa miaka kama 4,400 iliyopita. Wanaochimba ni Wamisri, wanaosoma maandishi ukutani ni Wamisri, anayeichunguza mifupa ni Mmisri. Sehemu tuliyoipenda zaidi ni pale wataalamu wanapoitandaza mifupa ya familia ile na kuizungumzia kama watu waliougua na kufiwa. Filamu ina tamaa yake ya kushtua watazamaji na muziki wake ni mwingi mno, lakini imefanya jambo ambalo vitabu vingi vya watoto tulivyovipekua havijafanya: imewapa wachimbaji majina na baba zao.

Nyumbani tufanyeje?

Shule haiwezi kufanya yote, na kulalamika peke yake ni kazi rahisi. Haya tumeyajaribu.

Siku ya British Museum, msiishie hapo. Tembeeni mkipita SOAS, ambako maktaba yake ina hati za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwendelee hadi Petrie Museum, Malet Place. Hakuna umati, na vitu vyake ni kama 80,000, vingi vidogo vidogo: vigae, shanga, nguo. Hapo mweleze mtoto kazi ya Petrie. Alikuwa na makaburi mengi yasiyo na tarehe, na hakuna maandishi ya kumsaidia. Akachukua vipande vya karatasi ngumu, kimoja kwa kila kaburi, kama 900, akaandika aina za vyungu vilivyokutwa, kisha akavipanga na kuvipangua mpaka vyungu vinavyofanana vikakaa jirani. Mfuatano wa zama ukajitokeza.

Nyumbani sisi tulitumia simu za mkononi zilizokufa. Kila nyumba ya Mswahili London ina droo ya simu hizo. Watoto walizipanga kutoka ya zamani hadi mpya kwa kutazama umbo tu, bila kuuliza. Walikosea moja. Halafu tukafungua sanduku la khanga za bibi, tukakuta za chini ndizo za zamani, isipokuwa moja iliyopenyezwa katikati. Tukawauliza, aliyeipenyeza aliingiaje? Hapo wamejifunza tabaka za udongo na shimo la mwizi kwa pamoja.

Na baada ya chakula cha mchana tuliweka sharti: hakuna kuinua sahani mpaka meza ichorwe, kila mfupa na kila punje mahali pake. Aliyekuwa chumbani aliletwa mchoro akaambiwa ataje nani alikaa wapi. Akataja wote, kwa mabaki tu. Vyombo vilichelewa kuoshwa, lakini tulivumilia.

Putney Vale

Howard Carter alikufa hapa London Machi 1939, laana ikiwa imemsubiri miaka 16. Amezikwa kusini-magharibi ya mji, katika makaburi ya Putney Vale, na kwenye jiwe lake yamechongwa maneno ya kuitakia uhai roho yake, yaliyotolewa kwenye kikombe alichokikuta katika kaburi la Tutankhamun. Hakuna aliyemgusa tangu siku hiyo. Tutankhamun naye amerudishwa Bondeni, katika kaburi lake mwenyewe, lakini tangu mwaka 2007 yumo ndani ya kioo, uso na nyayo wazi kwa watalii.

Tulimweleza kijana wetu haya. Alifikiri kidogo akauliza kama Carter naye akifikisha miaka elfu tano ataruhusiwa kufukuliwa. Tulimwambia aliandike swali hilo kwenye kazi yake ya shule, mwishoni, baada ya majina ya marais wanne. Ameandika. Bibi alisomewa kwa simu, akasema sasa kazi imekamilika, arudi akale.

Wasomaji wetu, watoto wenu wamesimuliwaje kisa hiki, na ninyi mliwajibu nini? Tuandikieni, iwe mko London au Leicester, Muscat au Minneapolis. Nafasi katika toleo lijalo tutawatunzia.